Ukurasa Uliomshinda Ambakisye

Hii imfikie kila anayejisomea peke yake huku amejifungia mlango.

Palikuwa na kijana wa Tukuyu, Ambakisye, aliyemaliza shahada ya fizikia akiwa ameongoza darasa. Nafasi ya kuendelea na masomo hakuipata. Akasema potelea mbali, nitajisomea mwenyewe. Yeye na rafiki yake Gwamaka wakatoa fotokopi ya kitabu kinene cha fizikia ya juu, nakala mbili kwa mkupuo mmoja, kila mtu na yake, wakaahidiana kukimaliza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu Ambakisye akafika mahali ambapo mlinganyo unaishia chini ya ukurasa, na juu ya ukurasa unaofuata mwandishi anasema, "Kwa hiyo ni wazi kwamba..." Wazi wapi! Akarudia hesabu zote za chuo, akakokotoa mpaka kichwa kikamuuma. Miezi ikapita. Gwamaka akimuuliza, anajibu kwamba anasonga mbele, tena anatabasamu. Na Gwamaka akiulizwa, jibu lake ni hilo hilo.

Mwisho moyo ukamvunjika. Akaamini kichwa chake kimefika ukomo na ile shahada aliibahatisha tu. Akaamua kitabu akampe mama muuza maandazi afungie. Ila aliona vibaya kuacha kimya kimya, akaenda kwanza kumweleza Dakta Kokugonza, mwalimu wake wa chuo, aliyekuwa akimtia moyo siku zote.

Dakta akamsikiliza bila kumkatiza, kisha akaomba aonyeshwe mahali penyewe. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Hata mimi sielewi," akasema.

Akainuka, akatoa kitabu chake halisi kabatini, akaviweka sambamba. Katikati ya kurasa zile palikuwa na nyingine mbili ambazo kwenye fotokopi hazimo kabisa. Mtoa fotokopi alifunua karatasi mbili kwa pamoja. Na kwa vile kingo zilikatwa zikaondoka na namba za kurasa, nani angegundua?

"Mwanangu," Dakta akasema, "hapa hata aliyekiandika angekwama."

Ambakisye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jamani, alitua mzigo! Akazisoma zile kurasa pale pale, akazielewa. Zilikuwa za kawaida tu.

Alipotoka nje akampigia Gwamaka, akamsimulia yote.

"Yaani sikuwa mbumbumbu?" Gwamaka akauliza taratibu. "Mimi niliacha mwaka jana, pale pale. Nilijua utanicheka."

Funzo: Kabla hujajiita mjinga, mwonyeshe mwenzako ulipokwama. Huenda naye amekwama hapo hapo, na anayemwonea aibu ni wewe.