Sungura Aliyetumwa kwa Nyota ya Mkia

Mwaka ambao mvua iliwasahau wanyama wa Bonde la Mlale, bwawa lao la mwisho lilibaki tope tu. Walipanga foleni kila jioni. Mfalme Simba alikunywa wa kwanza kwa sababu ya hadhi yake, na Sungura wa mwisho kwa sababu ya udogo wake.

Jioni moja, jua likiwa limezama tu, ilitokea magharibi nyota yenye mkia mrefu mweupe.

"Nani huyo mwenye mkia mrefu kuushinda wangu?" Simba alinguruma.

Twiga, aliyepewa kazi ya kutazama mbingu kwa sababu ya shingo yake, alinyanyua kichwa. "Mtukufu, nimeitazama kwa karibu. Ni nyota ya mkia. Niliiona pia nilipokuwa mtoto. Huja, huondoka, kisha hurudi. Na mkia wake daima hulipa jua kisogo."

"Mkia mnene vile ni wa kondoo," alisema Fisi huku mate yakimdondoka. "Nani ana chumvi?"

Sungura alijipenyeza mbele. "Mtukufu, nitume mimi. Nitaifuata huko huko juu niiambie ishushe mkia. Ila njiani hakuna kisima. Nitahitaji matikiti yote ya porini yaliyobaki."

Mama Swala aliangua kilio, maana maji ya matikiti hayo ndiyo yaliyokuwa yakimweka hai mwanawe.

"Kwanza heshima yangu, watoto baadaye," Simba alisema. Matikiti yakakusanywa.

"Ndugu yangu," Fisi alimnong'oneza Sungura, "uniletee walau kipande cha mkia."

Sungura aliyaburura matikiti hadi nyuma ya kilima, akajificha pangoni, akala mpaka tumbo likawa gumu kama ngoma. Bondeni, mtoto wa Swala aliponea kwenye umande wa majani. Nyota ilipofifia na kutoweka, Sungura alijipaka majivu akarudi akichechemea.

"Nimefika!" alisema. "Kule ni moto mtupu, tazameni nilivyoungua. Niliikamata masikio nikaiambia, 'Simba amekasirika!' Ikalia, ikaomba radhi, ikaondoka. Haitarudi tena."

"Na nyama?" Fisi aliuliza.

"Iliungua yote."

Fisi alilia machozi ya kweli.

Simba alitikisa manyoya ya shingo kwa furaha, akamfanya Sungura kuwa Balozi wa Mbinguni na kumpa zamu ya pili bwawani. Mvua iliponyesha, Sungura alisifiwa kwa hiyo pia.

Miaka michache ilipita. Ukame ulirudi, na nyota nayo ikarudi, mkia mrefu zaidi.

"Balozi!" Simba alifoka. "Imevunja ahadi! Nenda ukaikemee!"

"Bila shaka, Mtukufu. Nipeni matikiti, nitaondoka peke yangu, kimya kimya."

"Peke yako? Mtu mkubwa kama wewe? Safari hii tutakusindikiza."

Tembo aliupinda mwanzi mrefu mpaka ncha yake ikagusa ardhi. Wakamkalisha Sungura juu yake.

"Ngojeni kidogo, tumbo linaniuma..."

"Ukate mkia ukiwa mbichi!" Fisi alipaza sauti.

Tembo akauachia mwanzi. Sungura alipaa, akawa kitone, kisha hakuonekana tena.

"Namwona!" Twiga alitangaza. "Amefika! Ameushika mkia kwa mikono miwili!"

Bonde zima lilishangilia.

Kumbe Sungura alikuwa ameangukia kwenye miiba ng'ambo ya kilima. Kesho yake alijikokota hadi bwawani, sikio limechanika, kiu imemkaba koo.

"Wewe nani?" Simba aliuliza.

"Ni mimi, Mtukufu. Balozi wako."

"Balozi wangu yuko nyotani. Twiga, si ndivyo?"

"Ndivyo, Mtukufu. Nimemwona kwa macho yangu."

Fisi alimnusa. "Huyu hanukii nyama hata kidogo."

"Jamani!" Sungura alilia. "Hakuna nyama! Sijawahi kufika huko hata mara moja! Niliwadanganya, nilikuwa pangoni nikila matikiti!"

Mama Swala peke yake ndiye aliyemwamini, naye akampa kisogo.

"Mmesikia?" Simba aliwageukia wengine. "Amekiri kwa kinywa chake. Sungura wetu alifika, huyu hajawahi kufika. Basi huyu siye Sungura. Mgeni, rudi mwisho wa foleni. Tope likibaki, utapata."

Tangu hapo, kila jioni kabla ya kunywa, wanyama waliitazama nyota na kumpungia mikono balozi wao. Na yule mgeni wa mwisho wa foleni, kwa kuogopa kunyimwa hata tope, alipunga naye.