Kalamu Nyekundu ya Mwenye Wivu

Wapendwa, palikuwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu, kaka na dada wasio wa tumbo moja, kila mmoja akiandika tasnifu yake ya uzamili. Idara ilikuwa na nafasi moja ya ualimu, na wote wawili waliitaka. Huyu kaka alikuwa na wivu, wivu ule wa kumkosesha mtu usingizi. Dada akisifiwa darasani, yeye roho inamuuma.

Siku moja dada akamfuata na rasimu mkononi. "Kaka yangu, naomba unisomee. Usinionee huruma."

Usinionee huruma! Mnasikia anayeambiwa ni nani? Kaka akachukua kalamu nyekundu, akashuka nayo ukurasa kwa ukurasa. Akaandika pembeni: "Unatafuta nini hasa? Sijaona swali." Mbele akaandika: "Umesema, lakini ushahidi uko wapi?" Na tena: "Maneno makubwa ya nini? Sema tukuelewe." Akamrudishia, akingojea machozi.

Dada akasoma mpaka mwisho. "Umeniumiza, kaka," akasema, "lakini umesema kweli. Asante." Akaenda kuandika upya, yote.

Siku ya kutetea tasnifu ikafika. Dada aliulizwa, akajibu, watahini wakamwelewa. Akaingia kaka. Mtahini mmoja akaifunua kazi yake, akavua miwani.

"Kijana, unatafuta nini hasa? Sijaona swali."

Kaka akaanza kupekua kurasa. Mwingine akadakia, "Na haya uliyosema, ushahidi wake uko wapi?"

Ndugu zangu, maneno hayo aliyafahamu! Aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Je, hakujua kazi nzuri inavyoandikwa? Alijua sana. Ila ya kwake hakuwahi kuisoma kwa macho yale aliyomsomea mwenzake. Akaambiwa akaanze upya, na nafasi akapewa dada. Mnaijua methali ya nyani. Hapa mimbarini sitaimalizia.

Na sisi je? Mama, si unajua ndoa ya jirani imepasukia wapi? Mzee, si unajua sala ya nani ni ya kujionyesha? Wivu umetusomesha jamani, shahada tunazo, lakini za maisha ya wenzetu. Ukifika nyumbani leo, ichukue kalamu hiyo hiyo uanze na ukurasa wako. Maana iko siku tutasimamishwa tuulizwe, na maswali tutayatambua: ni yale yale tuliyomwandikia jirani.