Ngazi ya Dereva Asiyekuwepo

Wapendwa, kulikuwa na daktari mmoja wa mifugo, mwanamke, na mwanamke huyo hakuwa wa kuchezea. Tumwite Nakijwa. Miaka thelathini aliitumikia serikali akichanja ng'ombe wa watu kwenye nyanda ambako barabara huishia njiani. Alipostaafu, watoto wake walimwambia, "Mama, sasa pumzika." Akawajibu, "Nipumzike, kwani nimechoka nini?"

Akanunua trela kuukuu, lile la kuishi ndani, lililoachwa na watu waliokuwa wakipima barabara. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko la gesi na meza ya kukunja. Yeye akaongeza friji dogo la chanjo, na juu ya paa akafunga paneli nne za sola za kuliendesha. Akalifunga trela nyuma ya gari lake, akashika usukani mwenyewe, akaenda. Kila boma alilofika watu walisema, "Daktari amekuja na nyumba yake!" Naye alipenda kusikia hivyo. Alishuka garini kidevu juu, koti jeupe limepigwa pasi, hata kama alikuwa amelala porini siku tatu.

Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri akaionea fahari, sitasimama hapa kumhubiri vibaya.

Ila kulikuwa na vumbi. Nyanda zile zina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye mswaki. Likitanda juu ya paneli siku mbili tatu, umeme unapungua, friji linapata joto, na chanjo ikipita nyuzi nane haifai tena, ni maji tu. Kwa hiyo ilibidi mtu apande juu ya paa akazifute, tena mara kwa mara. Na paa la trela lilikuwa juu kuliko mtu mrefu aliyenyoosha mkono.

Nakijwa akalipeleka trela kwa mchomeleaji mmoja kando ya barabara, mzee aliyeitwa Gwandu. Uwanja wake ulijaa mageti, vitanda vya chuma, na ngazi za kila aina zimeegemezwa ukutani. Fundi Gwandu akalizunguka trela bila haraka. Akagonga ubavu wake kwa vidole, akasikiliza.

"Huu ubavu ni bati tu, mama," akasema. "Ngazi nikiitundika hapa, siku moja itashuka na bati lenyewe. Lazima ishikwe na chasisi huku chini."

"Sawa, fundi. Wewe ndiye unayejua."

Akapima urefu kwa futi yake, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu, kisha akauliza swali ambalo fundi yeyote mzuri huliuliza. "Atakayepanda ni nani?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka kumi na mmoja kabla ya siku hiyo, fahali alimpiga Nakijwa teke kwenye goti la kushoto. Goti lilipona, lakini halikunji tena kama zamani. Uzito wake ulikuwa kilo tisini na moja. Umri wake miaka sitini na mmoja. Na pale uwanjani walikuwa wamekaa wanaume wawili wakisubiri mageti yao, na wote wawili waligeuka wamtazame.

Akaiegemea ngazi moja pana iliyokuwa nyuma yake, akasema, "Dereva wangu."

"Yukoje huyo dereva?"

"Kijana mwembamba. Mrefu. Mwepesi kama swala."

Dereva gani, wapendwa? Ninyi mmelisikia trela likija. Ndani ya gari lile mlimwona mwingine?

Fundi Gwandu akamtengenezea dereva ngazi. Akachagua bomba jembamba ili iwe nyepesi. Akaisimamisha wima isichukue nafasi. Vidato akaviweka mbalimbali, maana kijana mrefu hapendi kupiga hatua za bata. Na juu akaikata palepale paa linapoanzia, bila kishikio chochote, kwa kuwa kijana mwepesi akifika pale anajirusha tu. Ilikuwa ngazi nzuri. Ilipakwa rangi ya fedha ikameremeta, na hata wale wanaume wawili waliisifu.

Akiifunga nati ya mwisho, fundi akasema, "Mama, hii ni ya dereva wako. Asipande mwingine."

"Nani mwingine apande?" Nakijwa akacheka, akaondoka.

Siku ya tatu porini upepo ulivuma tangu alfajiri. Saa nne asubuhi akafungua friji akatazama kipimajoto: nyuzi saba. Saa tano watu wa maboma matatu walikuwa waje na ng'ombe wao kwa chanjo ya homa ya mapafu, ugonjwa uliokuwa umeshaua ng'ombe boma la jirani. Hapakuwa na muda wa kufikiri. Akachukua ndoo ndogo na kitambaa, akapanda.

Kupanda alipanda. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaburutwa kama gunia. Alipofika juu akatafuta pa kushika, hapakuwepo. Akalala kifudifudi juu ya bati, akajivuta kwa viwiko hadi mwili wote ukawa juu. Akazifuta paneli zote nne moja baada ya nyingine, zikang'aa, na chini yake akasikia friji limeanza kunguruma vizuri. Akatabasamu peke yake huko juu.

Kisha akageuka ashuke.

Akapiga magoti ukingoni, akatoa mguu wa kulia nyuma, akapapasa hewani. Kidato kilikuwa mbali. Ili akifikie, goti la kushoto lilipaswa kukunjika lote na kumbeba, nalo halikukubali. Akajaribu kwa tumbo. Akajaribu kwa kukaa. Kila alipojaribu alikuta mikono yake haina cha kushika ila bati laini lenye moto. Mwisho akakaa katikati ya paa, miguu ameinyoosha mbele, kama mtoto aliyewekwa juu ya kabati.

Na ng'ombe wakaanza kufika.

"Daktari!" wakaita wazee wa boma la kwanza. "Habari za huko juu?"

Mnajua alijibu nini? Alisema, "Nzuri! Nakagua paneli."

Mnacheka. Chekeni tu, maana hata mimi nilicheka, mpaka nilipofikiri vizuri.

Watu wakakaa kivulini mwa trela, wakangoja. Daktari anakagua. Boma la pili likafika, wakaambiwa daktari anakagua, nao wakakaa. Jua likapanda. Saa sita. Koti jeupe likalowa jasho mgongoni. Boma la tatu likafika na ng'ombe themanini ambao hawakuwa wamekunywa maji tangu jana. Wakangoja, wakangoja, hadi ndama wakaanza kulala chini. Kiongozi wao akaja akasimama ubavuni mwa trela.

"Daktari, ng'ombe wetu hawawezi tena. Kuna jambo?"

Neno moja tu lilihitajika hapo. Nakijwa alilihisi limefika kooni. Akafungua kinywa, akasema, "Namalizia!"

Yule mwanamume akatikisa kichwa, akapiga mluzi, na ng'ombe themanini wakageuka kuelekea kwenye maji, bila chanjo. Nakijwa akawatazama kutoka juu hadi vumbi lao likawafunika. Miaka thelathini na zaidi hajawahi kuacha ng'ombe aliyeletwa mbele yake bila kumchanja. Leo ameacha themanini, na wala si kwa kukosa dawa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Chini alikuwepo mama mmoja, mfugaji wa boma la kwanza, jina lake Udagwenga, aliyemfahamu daktari tangu wote wawili hawana mvi. Akainuka, akasogea hadi kwenye ngazi, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Dada yangu, umeshindwa kushuka?"

Nakijwa akajiburuta hadi ukingoni.

"Nimeshindwa," akasema Nakijwa. "Tangu saa nne na nusu. Goti langu halikunji."

Udagwenga hakucheka. Akavua shuka lake, akaliweka chini, akapanda ngazi hadi katikati. Akaushika mguu wa daktari kwa mkono wake, akauweka kwenye kidato. "Hapo. Sasa mwingine. Niegemee." Kidato kimoja kimoja namna hiyo, hadi chini. Kisha daktari akanawa uso, akachanja ng'ombe wa maboma mawili mpaka jioni, na hakumwambia mtu neno.

Kesho yake aliendesha gari moja kwa moja hadi kwa Fundi Gwandu. Alifika amekasirika.

"Fundi, ngazi yako imeniaibisha mbele za watu!"

Mzee akazima mashine yake, akavua miwani. "Dereva ameanguka?"

"Hakuna..." Akasita. Siku hiyo pia palikuwa na wateja, tena wengi kuliko mara ya kwanza. Akawatazama, akamtazama fundi. "Hakuna dereva. Hajawahi kuwepo. Mpandaji ni mimi."

Fundi Gwandu akageuka, akaonyesha ukutani. Palikuwa na ngazi moja ambayo si nzuri sana kuitazama. Vidato vyake vilikuwa vipana, vya bati lenye mikwaruzo ili mguu usiteleze, na vilikaribiana. Haikusimama wima, iliinama kidogo kama mtu anayekukaribisha. Na pande zote mbili vishikio vyake vilipanda juu, karibu mita nzima kupita mahali paa lingeanzia, ili mtu ashike bomba mpaka miguu yote miwili itulie juu.

"Ngazi hii umeitengeneza lini?" Nakijwa akauliza.

"Ina mwezi wa nne hapo. Siku ile ulikuwa umeiegemea ukizungumza nami."

"Sasa mbona hukunipa?"

"Nimpe nani, mama?" akasema yule mzee, bila ukali wowote. "Aliyekuja hapa siku ile alikuwa dereva. Mimi nina ngazi za watu wa kila namna, lakini siwezi kumfungia ngazi mtu ambaye hajafika."

Wapendwa, Nakijwa alisimama pale akaitazama ngazi ile. Halafu akavuta pumzi, akanyoosha mgongo kama alivyozoea, na mbele ya wateja wote akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi nimefika. Andika. Kilo tisini na moja. Miaka sitini na mmoja. Goti la kushoto lilipigwa na fahali nikimchanja, na nilimchanja hadi mwisho."

Fundi akaandika kwenye kiganja chake. Akaipunguza ngazi kidogo chini, akaifunga kwenye chasisi kwa nati nne nene, akaining'inia yeye mwenyewe kuijaribu. Kisha Nakijwa akapanda, polepole, mkono mmoja ukishika kabla mwingine haujaachia. Alipofika juu akasimama wima, mikono juu ya vishikio. Uwanja mzima ukamwona. Na niwaambie, fahari aliyokuwa nayo asubuhi ile haikuwa ndogo kuliko ile ya koti lililopigwa pasi. Ilikuwa kubwa zaidi, maana hakuwa anaficha kitu nyuma yake.

Siku ya pili aliwafuata watu wa boma la tatu hadi walikohamia. Akawaeleza kwa nini waliungojea ukaguzi usiokuwepo, akawaomba radhi, akachanja ng'ombe wao wote themanini. Hakuna aliyekufa.

Sasa tuje kwetu sisi.

Tunaingia katika nyumba hii kila Jumapili tukiwa tumependeza. Tunaulizwa na Bwana, "Anayetaka msaada ni nani?" Nasi tunamtuma dereva. Mama mwenye uchungu na mumewe anamtuma mke mwenye furaha aje aombe baraka. Baba anayekunywa anamtuma mzee wa kanisa aje aombee vijana walevi. Halafu tunarudi nyumbani tunalalamika kwamba tuliomba hatukusaidiwa. Nani aliyeomba? Msaada wako ulikuwa umetengenezwa zamani, upo, pengine umeuegemea hivi sasa kwa mgongo wako kwenye benchi hilo. Lakini wewe hujafika. Na wakati unawaambia watu kwamba unakagua, kuna watoto wako, kuna jirani, kuna watu waliokuja kwako na kiu, wanageuka wanaondoka.

Wala Mungu hakuombi uje umeinama. Njoo na mgongo wako ulionyooka. Sema mimi ni fulani, nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeifanya vizuri, na hapa siwezi. Hayo yote mawili yanakaa katika kinywa kimoja.

Nimewasema ninyi, na haitoshi. Tangu tulipomzika mke wangu mwaka juzi, kila Jumapili mmeletewa mchungaji aliyefarijika. Mmemshukuru kwa mahubiri yake, mmemshika mkono mlangoni. Mimi mchungaji huyo simfahamu. Anayesimama mbele yenu ana miaka hamsini na nane, anaitwa Mbonea, ameliongoza kanisa hili tangu likiwa turubai na anajivunia kila tofali lake. Bado hajajifunza kupika ugali usio na mabonge, na chumba cha mkewe hajakifungua hata mara moja, kwa kuogopa.

Tusimameni tuombe. Kila mtu aje mwenyewe. Nitaanza mimi.