Watatu Waliomfundisha Elinami Neno Teki

Hapo zamani, na sogeeni basi, mimi sipigi kelele, hapo zamani huko Marangu, chini ya mlima wenyewe, palikuwa na mpagazi jina lake Elinami. Miaka tisa alipandisha mizigo ya wageni kichwani. Miaka tisa aliishusha. Alichokitaka ni kimoja tu: awe mwongozaji, atembee mbele, awe ndiye anayesema tusimame au twende. Lakini mwongozaji lazima afaulu mtihani wa Kiingereza, na Kiingereza cha Elinami kilikuwa neno moja. Teki, lile "take" la wageni.

Msicheke! Hilo si neno la kuchezea. Siku ya kwanza Elinami alimsikia mgeni aki-teki chai, akajua, kumbe ni kunywa. Kesho yake mgeni aka-teki picha. Kesho kutwa aka-teki koti akalivua, aka-teki njia ya kushoto, na safari yenyewe ika-teki saa sita. Elinami akakodoa macho. Neno gani hili linalokunywa chai, likavua koti na kumaliza saa? Halafu akakumbuka kwamba na sisi twapiga pasi, twapiga mswaki, twapiga magoti, na hakuna anayeumia. Basi udadisi ukamshika, akawa halali vizuri mpaka alijue lote.

Mpishi wa msafara, mzee Ndekirwa, alikuwa na daftari lililojaa masizi. Kila mgeni aliposema teki, mzee aliacha sufuria akaandika: kasema nani, akifanya nini. Aliandika miaka kumi na minne, akapata matumizi thelathini na moja. Ila mbele ya mgeni mzee huyo alikuwa bubu kwa aibu. Akampa Elinami daftari lake. "Shika, mwanangu. Mimi nimeandika tu. Wewe ukaseme."

Elinami alisoma. Kichwani yaliingia, mdomoni hayakutoka. Hapo akaja mpagazi mwenzake, Kundaeli, asiyejua kusoma hata jina lake, lakini sikio lake lilikuwa kali ajabu kwa kuwasikiliza wageni. Kundaeli hakukubali kumtwika Elinami mzigo asubuhi mpaka aseme sentensi tatu zenye teki.

"Mkono unaniuma, bwana, nitwike!" Elinami alilalamika.

"Hiyo ya pili imepinda. Tena."

Misimu miwili ilikuwa hivyo, jua na mvua, tena na tena.

Na wa tatu? Wa tatu alikuwa Foya, mpagazi aliyekisema Kiingereza kama amezaliwa nacho, na ulimi wake pilipili tupu. Siku moja mgeni aliumwa kichwa, Elinami akataka kumsaidia. Akamwambia a-teki maji, a-teki usingizi, a-teki afya, a-teki mlima kesho. Foya aliangua kicheko mpaka akakaa chini. Akawageukia wapagazi arobaini: "Jamani, huyu si Elinami tena! Ni Bwana Teki!" Jina likashika. Likashuka mlima kabla ya mwenyewe kushuka, na sokoni mkewe akaanza kuitwa Mama Teki. Elinami alilia kwa hasira, mwanamume mzima. Alikuwa amekwisha kuliweka daftari chini ya godoro, amechoka. Alipofika nyumbani akalitoa, akaapa hataliacha tena.

Mtihani ukafika. Mtahini hakuuliza maana ya neno lolote. Alisema: "Mgeni wako anatapika, kichwa kinampasuka, na hataki kushuka. Mwambie." Elinami akafungua kinywa. Akamwambia mgeni huyo avute pumzi, ameze dawa, atue mzigo, afuate njia ya kushuka, asiwe na haraka. Yote kwa teki, na kila teki mahali pake. Mtahini akatabasamu. Amefaulu.

Lakini karani akampa karatasi yenye mstari mmoja. Kuanzia mwaka huu, mwongozaji mpya huandika jina la msaidizi wake, mmoja tu, na msaidizi huyo ndiye atakayefanya mtihani mwakani. Wengine wanarudi kwenye mizigo. Kabla Elinami hajamaliza kunywa maji, watatu wamekwishajaa uani kwake.

"Mwanangu," alisema mzee Ndekirwa, "bila daftari ungesema nini? Goti langu limekwisha. Mwaka mwingine wa kubeba masufuria siuwezi."

"Daftari lina mdomo?" akauliza Kundaeli. "Mzee, shikamoo yako ninayo, lakini mdomo huu nimeutengeneza mimi, na sikudai hata chai. Mimi nisiyesoma, nani mwingine ataniandika?"

Foya alisimama mlangoni, safari hii hacheki. "Mimi sikukutakia mema, sikatai. Lakini sema kweli, Elinami. Ungelitoa daftari chini ya godoro kama nisingekucheka? Na huyo mgeni anayetapika, ukiwa mbali, ungependa amkute nani kati yetu sisi watatu?"

Elinami aliyajua majibu yote mawili, na yalimuuma. Akamtazama mzee, akamwonea huruma. Akamtazama Kundaeli, akaona deni la misimu miwili. Akamtazama Foya, akamchukia, na bado akajua kwamba mgonjwa angekuwa salama mikononi mwake.

"Haya, amua," mkewe akasema. "Karani anafunga alasiri."

Elinami akaandika jina moja, na wawili wakaondoka bila kuaga. Jina la nani? Mimi sisemi, na msinitazame hivyo. Ungekuwa wewe umeshika kalamu ile, na watatu hao wanakutazama usoni, je, nani alistahili kuandikwa?