Nywele za Zimwi Rukaruka

Paukwa!

Pakawa!

Milango je?

Tumeifunga.

Basi, hapo zamani katika mji wa Kivundo lilitokea zimwi, jina lake Rukaruka. Liliruka, likaruka, likaruka, nyumba hadi nyumba, na kila lilipotua liliacha jingine kama lenyewe. Mazimwi yakazidi, nyumba zikaharibika. Walinzi hawakuyatambua, maana zimwi likimla mtu huvaa sura yake.

Siku moja mjane Mashavu alikuta mifupa chini ya kitanda cha mwanawe, Mbaraka. Na juu ya kitanda amelala Mbaraka.

Mashavu akaelewa. Akalikamata lile zimwi nywele kwa mikono miwili. Zimwi likachomoka, likarukia dirishani, likamwachia nywele viganjani.

Majirani wakaja kumpa pole. Shoga yake Somoe akamwambia, "Zitupe hizo, ndugu yangu. Ni nywele za mwuaji."

"Sizitupi. Unywele humjua mwenzake. Hizi ndizo zitakazonipeleka kwao."

Akazisokota kamba, akachukua shoka, akaingia nyumba ya kwanza. "Nywele, mtafuteni ndugu yenu." Akaingia ya pili. "Nywele, mtafuteni ndugu yenu." Akaingia ya tatu. "Nywele, mtafuteni ndugu yenu."

Mbele ya mtu wa kweli kamba ililala kimya. Mbele ya zimwi iliruka, ikalizonga shingo, na Mashavu akakata. Kisha akakinyoa kichwa kile, akasokota kamba nyingine, akawapa kina mama wa mji. Basi kila zimwi lililokufa likatoa kamba za kuwaua wenzake.

Likabaki moja. Kamba ikalinasa ghalani, kwenye mtama, nalo lina sura ya Mbaraka.

"Mama, ni mimi. Utaniua kwa mkono wako?"

Mashavu akainua shoka. Akauliza, "Mwanangu alikuwa na sauti hiyo hiyo. Ulimwachia nafasi ya kuniita?"

Zimwi likajaribu kuruka, kamba ikalibana.

"Basi na mimi sikuachii."

Akakata.

Tangu hapo, mwanamke wa Kivundo akijifungua, humfunga mwanawe kipande cha kamba mkononi kabla hajamnyonyesha. Mashavu hakuwa na wa kumfunga. Aliwasokotea wengine mpaka akazeeka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Adui aliyevaa sura ya mwanao usimtafute kwa macho. Mtafute kwa alama aliyoiacha.