Kiroba cha Kapteni Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanavaa mikanda na kupiga saluti, mbugani kulikuwa na jeshi. Mkuu wake alikuwa Jenerali Tembo. Askari mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi, na kazi yake ilikuwa kufagia uwanja wa gwaride.

Jeshi hilo lilikuwa na sharti moja gumu. Kila mwaka, kila askari, awe na cheo asiwe nacho, alibeba kiroba cha mchanga kutoka mtoni hadi kambini, juu kilimani. Akifika, kiroba kinapimwa. Kikipungua, anavua mkanda na kurudi kwao.

Mpimaji alikuwa Kapteni Kiboko, mkali kama pilipili kichaa. Mwaka mmoja alifika wa kwanza, anapiga mluzi, hata jasho hana. Akakitupa kiroba chake pembeni, akasimama kwenye mizani kuwangoja wenzake. Cha kwake hakikupimwa. Nani angempima mpimaji?

Swala alifika akihema, hu, hu, hu. Mwiba ulikuwa umekichana kiroba chake njiani, na mchanga kidogo ukavuja.

"Kimepungua konzi moja," akasema Kiboko. "Vua mkanda."

"Afande, ni mwiba tu. Nina mapacha wananyonya, nitawapeleka wapi? Naomba nirudie."

"Sheria haijui mapacha. Jenerali anakuja adhuhuri kukagua. Nisikuone hapa baada ya hapo."

Pimbi, ambaye kiroba chake kilikuwa kimeshapimwa, aliyasikia yote, ufagio mkononi. Swala alikuwa jirani yake, na wale mapacha walizoea kuota jua mlangoni kwake. Roho ikamuuma. Lakini yeye ni nani mbele ya kapteni? Akaendelea kufagia, chwa, chwa, chwa, mpaka akakifikia kiroba cha Kiboko.

Askari wa chini hakuruhusiwa kugusa mzigo wa afisa. Ila uchafu ulikuwa chini yake. Pimbi akatazama huku na huku, akajikaza kukisukuma. Kumbe kilikuwa chepesi kama mto wa kulalia! Akainama kwenye mshono, akaona sufi nyeupe ikichungulia.

"Ahaa," akanong'ona. "Ndiyo maana tunapiga mluzi."

Hakumwambia mtu. Akisema, Kiboko atadai Pimbi ndiye aliyeitia hiyo sufi. Ilibidi kapteni ajifunge kwa mdomo wake mwenyewe.

Adhuhuri Jenerali Tembo akafika, askari wakajipanga. Pimbi akatoka mbele, akapiga saluti.

"Jenerali, naomba kumsifu Kapteni wetu. Leo amefika wa kwanza bila tone la jasho. Askari tunabishana: kiroba chake kilikuwa sawa na vyetu, au kilizidi?"

Kiboko akavimba kwa raha. "Kilizidi. Mimi huongeza konzi tatu, nne. Mazoezi tu."

"Nilijua, afande. Basi mgawie Swala konzi moja iliyompungukia ajazie chake, ashuke nacho mtoni na kupanda tena, Jenerali akiona."

Tembo akapunga masikio. "Hilo ni jema. Kapteni, mpe."

Kiboko akakohoa. "Jenerali, kila askari na mzigo wake."

"Konzi moja tu, Kapteni."

"Kimeshonwa, Jenerali. Na hapa hakuna kisu."

"Meno ninayo," akasema Pimbi, na kabla hajazuiwa, krrr, uzi ukakatika.

Upepo wa kilimani ukamalizia kazi. Fuuu! Sufi ikaruka, ikatua vichwani na mabegani, na bonge moja likanasa puani kwa Kapteni Kiboko. Akapiga chafya. Hakuna aliyecheka, maana Jenerali hakucheka.

"Huu ndio mchanga wako?" akauliza Tembo.

Kiboko akatazama miguu yake.

"Vua mkanda."

Ulikuwa mkanda mrefu, ukachukua muda kuvuliwa. Kisha Tembo akamgeukia Pimbi. "Na wewe ulijuaje?"

Pimbi angeweza kusema alibahatisha, na nani angembishia? Lakini sufi ilikuwa bado inapeperuka mbele ya macho yake.

"Nilikigusa, Jenerali. Mzigo wa afisa, bila ruhusa."

"Adhabu yake waijua?"

"Kusugua masufuria siku saba."

"Basi kayasugue. Ukimaliza, utashika mizani."

Swala naye hakusamehewa kitu. Alikishona kiroba chake, akashuka mtoni, akakijaza, akakipandisha kilima kizima huku askari wakimwimbia. Mizani ikasimama sawa, akafunga mkanda wake akakimbilia kwa wanawe.

Pimbi alisugua masufuria mpaka kucha zikamuuma. Mwaka uliofuata alisimama kwenye mizani, juu ya kigoda ili aonekane, na kiroba cha kwanza alichodai kukipima kilikuwa cha Jenerali Tembo.

Basi wanangu, anayewapima wenzake, naye apimwe.