Sauti ya Mama Kwenye Kompyuta Tatu

Nawaona pale nyuma mmeinua simu mnanirekodi. Rekodini tu, sikatazi. Ila leo nina kisa cha bwana mmoja aliyekuwa bingwa wa kuhifadhi, na kisa chenyewe si kitamu, kwa hiyo msitazamie niwachekeshe.

Bwana huyu alikuwa mfanyakazi wa ofisi mjini, mtu nadhifu kupindukia. Alikuwa na kompyuta tatu: moja ofisini, moja nyumbani, na moja ndogo ya kutembea nayo mkobani. Zote tatu aliziunganisha kwa mtandao. Ukiweka picha kwenye hii, unaikuta kwenye ile, na kwenye ile nyingine pia. Wenzake wakiibiwa kompyuta, wakilia, yeye anawacheka. "Mimi hata nyumba ikiungua, vitu vyangu viko kila mahali," alisema, na alilisema hilo hadi kwenye harusi za watu.

Mama yake alikuwa kijijini, mgonjwa, pumzi za kuhesabika. Alikuwa na watoto wawili tu, huyu bwana, ndiye wa kwanza, na dada yake. Yule dada aliolewa na mtu ambaye mama hakumtaka, akaondoka nyumbani bila baraka, na tangu hapo mama na binti hawakusemezana. Sasa mama anaona siku zinakwisha. Akawa anamtumia mwanawe ujumbe wa sauti kwenye simu, leo mmoja, kesho mwingine.

Mwanawe alisikiliza? Thubutu! Aliona ni mirefu, na alijua mama atakuwa anakohoa katikati. Akajiambia atasikiliza akitulia, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Kwanza ahifadhi. Akafungua folda akaiita Mama, akawa anaingiza humo kila sauti inayofika, kisha anaifuta kwenye simu ili simu isijae. Na alijiona mtoto mwema, msidhani alijiona vingine.

Siku moja mama akampigia.

"Baba, ile niliyotuma juzi umeisikia?"

"Ninayo, mama. Iko salama."

"Humo nimeweka neno la dada yako. Nataka alisikie kwa sauti yangu."

"Usijali. Ninazo zote, kompyuta tatu nzima. Na wewe ukishatuma uwe unafuta, hiyo simu yako ndogo itajaa."

Mama akaitikia. "Haya, baba. Kama unayo."

Akafuta. Alifuta kwa sababu alimwamini mwanawe.

Baadaye kompyuta ya nyumbani ikaanza kuwa nzito, inalalamika nafasi imejaa. Bwana akapitia vilivyomo, akaona folda ya Mama ni kubwa. Akawaza, nakala ya hapa naweza kuiondoa, ofisini iko, na ya mkobani iko. Akafuta. Na kwa unadhifu wake, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, halafu akaenda kula.

Wapendwa, kompyuta zilizofungwa pamoja namna ile huigana. Ukiweka kwenye moja, zote zinaweka. Ukifuta kwenye moja, zote zinafuta. Bwana alidhani ana nakala tatu, kumbe ana moja anayoichungulia kupitia madirisha matatu. Hakuwahi kuuliza.

Mama akafa.

Kwa ukoo ule, siku ya kuanua tanga, mtoto wa kwanza husimama mbele ya watu akawafikishia maneno ya mwisho ya marehemu. Asubuhi hiyo bwana akafungua kompyuta ya mkobani: folda hakuna. Akampigia mwenzake wa ofisini amwangalizie kule: hakuna. Akampigia fundi. Fundi akamuuliza ameziunganishaje, akamuuliza amefuta lini, kisha akasema, "Pole sana, mzee. Umefuta kote, na muda umepita. Hazirudi."

Watu wameshakaa. Dada yake yuko mbele kabisa, kajifunga khanga, macho kwa kaka yake. Amesafiri kwa ajili ya jambo moja tu, maana majirani wamemwambia mama aliacha neno lake. Bwana akasimama akajieleza: kompyuta, mtandao, nafasi, mitambo ya siku hizi haiaminiki.

Dada akamsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele.

"Kaka, sauti imepotea, nimeelewa. Lakini wewe si uliisikiliza? Niambie tu kwa mdomo wako. Mama alisemaje?"

Bwana akatazama chini. Akasema, "Alikusamehe."

"Ulimsikia?"

Angeweza kuapa. Lakini kaburi liko pale pale uani, udongo bado mbichi. Akatikisa kichwa. Dada akainuka, akaenda kuketi kando ya kaburi la mama yake, peke yake. Mpaka leo hajui kama alisamehewa au alilaaniwa. Na aliyekuwa na jibu mkononi hajui pia.

Najua mnachosema. Angenunua diski ya pembeni, akanakili, akaifungia kabatini. Ni kweli, na ninyi mkafanye hivyo. Diski ingemsaidia dada. Yeye isingemsaidia, maana mama alisema naye miezi mingi, hakumsikia hata siku moja, na mama akafa akidhani amesikilizwa. Hilo linaniuma kuliko hizo faili.

Na ni sisi hao. Tuna Biblia kwenye simu, hatujaifungua tangu Pasaka. Tuna mama zetu, wako hai, sauti zao zinangoja kwenye simu zetu, tunasema tutasikiliza tukitulia. Utatulia lini, wewe? Mungu akisema nasi tunamjibu vile vile, "Ninalo, Bwana, liko salama," na tunakwenda kula.

Siku ya hesabu hatutaulizwa tulihifadhi wapi. Tutaulizwa, "Nilisemaje?" Na hapo hakuna kumpigia fundi.

Ninyi wa nyuma, shusheni simu kwanza. Rekodi ya Jumapili iliyopita mnayo, najua. Aliyeisikiliza anyooshe mkono nimwone.